Asili ya Mchezo wa Kupanda Mawimbi, Kama Ionekanavyo Kutoka Ufuko wa Mwanza

Kila mchezo una nyumba mbili: nyumba ulimozaliwa na nyumba ulimopatia sifa. Aghalabu watu huijua hii ya pili, na ile ya kwanza huisahau, kwa kuwa sifa hupiga kelele na uzazi hutokea kimya. Mchezo wa kupanda mawimbi, yaani mtu kulala au kusimama juu ya ubao akachukuliwa na wimbi mpaka ufukoni, una hali hiyo. Ukitajwa mchezo huu, kijana wa Mwanza huona katika fikira zake pwani ya California na watu wenye nywele za rangi ya majani makavu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia waziwazi kwamba huo ni mchezo wa wenye nafasi, wala hauna neno la kutufundisha sisi tuliolelewa kando ya ziwa. Nilikaa na usemi wake siku nyingi, na insha hii ni jibu langu kwake. Nakusudia kuonyesha kwamba mchezo huo haukuzaliwa katika starehe peke yake, bali ubavuni mwa kazi. Kwamba Afrika ilikuwa nao kabla California haijaujua. Na kwamba sisi watu wa Nyanza, ingawa hatuwezi kudai kuwa tuliucheza kama walivyoucheza wengine, tulikuwa na elimu ile ile iliyouzaa, na kuipoteza elimu hiyo kumetugharimu kitu kikubwa kuliko mchezo.

Haki ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki haina mshindani. Wenyeji wa visiwa hivyo ndio walioufikisha mchezo huu katika ukamilifu wake. Mwaka 1769 Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Kapteni James Cook, aliwaona watu wa Tahiti wakicheza katika mawimbi ambamo, kwa maoni yake, mwogeleaji hodari wa Ulaya angezama. Chombo chao kikubwa cha mchezo kilikuwa kipande cha tezi la mtumbwi mkuukuu: walikisukuma mbele yao mpaka mbali, kisha wakarudi nacho juu ya wimbi kwa kasi ya ajabu. Miaka 10 baadaye, yaani 1779, Luteni James King aliandika habari ya watu wa Hawaii katika Ghuba ya Kealakekua, ghuba ile ile alimouawa Cook mwezi wa Februari mwaka huo. Huko mbao zilikuwa zimekwisha kuwa kazi ya mafundi. Palikuwa na ubao mrefu na mzito ulioitwa olo, ambao ulikuwa wa wakuu, na ubao mwembamba ulioitwa alaia. Waume kwa wake, wakuu kwa raia, wote waliingia majini. Jina la mchezo lilikuwa he'e nalu, na maana yake ni kuteleza juu ya wimbi.

Yafaa tukumbuke pia jinsi mchezo huo ulivyokaribia kufa, maana habari hii itatuhusu mbele. Meli za wageni zilileta maradhi ambayo wenyeji hawakuwa na kinga nayo, na kabla karne ya 19 haijaisha Wahawaii wenyewe walikuwa wamepungua hata wakabaki chini ya 50,000. Wamisionari waliofika mwaka 1820 hawakupendezwa na watu kuacha kazi na sala wakakimbilia mawimbi hali wako nusu uchi. Mwaka 1893 ufalme ukapinduliwa. Mchezo ukabaki mikononi mwa wachache, kama moto uliofunikwa majivu. Kisha ukapulizwa tena. Mwaka 1907 George Freeth, mzaliwa wa Honolulu mwenye damu ya Kihawaii, aliuonyesha huko California. Baada yake akaja Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyeshinda mbio za kuogelea za mita 100 katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Alipokwenda Australia mwishoni mwa mwaka 1914 alichonga ubao kwa mti alioupata huko huko, akapanda nao mawimbi ya Freshwater, karibu na Sydney, mbele ya halaiki ya watu. Kwa hiyo California na Australia, ambazo leo huhesabiwa kuwa wenyeji wa mchezo huu, zilikuwa wanafunzi, na walimu wao walikuwa watu wa visiwani.

Laiti historia ingeishia hapo, mwanafunzi wangu angekuwa na haki nusu. Lakini kuna mashahidi wengine. Huko Peru wavuvi wa Huanchaco wangali wakitumia mashua nyembamba za matete yaliyofungwa pamoja. Huzipanda kama mtu apandavyo farasi, na jioni wimbi ndilo linalowarudisha nyumbani na samaki wao. Na huku kwetu Afrika, Mjerumani Michael Hemmersam, aliyekaa Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana ya leo, katika miaka ya 1640, aliandika kwamba wazazi waliwafunga watoto wao juu ya mbao wakawatia majini ili wajifunze kuogelea. Jean Barbot, Mfaransa aliyezuru pwani hiyo hiyo kabla karne ya 17 haijaisha, aliwaona watoto wa Elmina wamelalia vipande vya mbao na matita ya matete, wakijifundisha baharini. Mwaka 1834 Mwingereza James Alexander aliwaona wavulana karibu na Accra wakiogelea kwenda mbali na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakangoja wimbi, kisha wakaja nalo mpaka mchangani. Mwanahistoria Kevin Dawson alizikusanya habari za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 2018, na tangu hapo ni vigumu kwa mtu msomi kusema kwamba Mwafrika alifundishwa na mgeni kucheza na bahari.

Swali lifaalo kuulizwa si nani alitangulia, maana Mtahiti na Mfante hawakupata kuonana. Swali ni hili: kwa nini watu wasiojuana walifikia jambo moja? Jibu limo katika kazi. Pwani ya Ghana haikuwa na bandari nyingi za asili. Meli za Ulaya zilitia nanga mbali, na kila pipa na kila bunda ilibidi lipitishwe na wapiga makafi wenyeji katikati ya mawimbi yaliyovunjikia ufukoni. Mvuvi naye alitoka na kurudi kwa njia hiyo hiyo kila siku. Mtu asiyejua ni wimbi lipi la kuacha na lipi la kufuata alipoteza chombo, mzigo na pengine roho. Basi mtoto aliyelala juu ya kipande cha ubao hakuwa akicheza tu. Alikuwa katika chuo cha kazi ya baba yake, ila chuo hicho kilikuwa na kicheko ndani yake. Na chombo chake cha kwanza hakikununuliwa. Kilikuwa tezi la mtumbwi uliokufa, tita la matete, au ubao wa kuokota. Hata katika siku zetu mambo hayajabadilika sana. Mchezo huu ulipoingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Japani mwezi wa Julai 2021, bingwa wa wanaume alikuwa Mbrazili Ítalo Ferreira, mtoto wa mchuuzi wa samaki. Naye alianza kujifunza utotoni juu ya kifuniko cha sanduku ambalo baba yake aliwekea samaki. Vifuniko kama hicho vinatupwa kila siku katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba.

Sasa tugeuke tulitazame ziwa letu, na tulitazame kwa haki. Wimbi huzaliwa na upepo, na ukubwa wake hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji ambayo upepo huo hupita juu yake bila kizuizi. Mawimbi yanayofika Hawaii wakati wa baridi hutoka katika dhoruba za mbali, maelfu ya kilometa kaskazini. Safarini hujipanga, madogo huachwa nyuma, na makubwa huwasili kwa utaratibu, moja baada ya jingine kwa nafasi ya sekunde 12, 15 na zaidi. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Lakini urefu wake, unaozidi kidogo kilometa 300, ni uwanja mdogo kwa upepo. Wimbi la Nyanza ni fupi na la haraka. Huja juu ya mwenzake kabla ya mwenzake kwisha, kwa nafasi ya sekunde chache tu, na halina mgongo mrefu wa kumchukua mtu mbali. Kwa hiyo sitaki kumpa mwanafunzi wangu fahari ya uongo. Nyanza haikuzaa wapanda mawimbi waliosimama juu ya mbao, na sababu si woga wala ujinga wa wazee wetu, bali maumbile ya maji yenyewe.

Lakini wimbi fupi si wimbi jepesi. Mabaharia wa ziwa hili husema kwamba bahari hukuonya na ziwa hukuvamia. Usiku mvua za radi hukusanyika juu ya maji, na alfajiri wavuvi hukutana nazo. Watu walioishi humo ilibidi wawe na elimu. Waganda na watu wa Sese waliunda mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi juu ya mkuku mmoja wa gogo, na gubeti yake ilitokeza mbele ikapambwa kwa pembe na manyoya. Henry Morton Stanley aliona mamia ya mitumbwi ya namna hiyo mwaka 1875, Kabaka Mutesa alipopigana na watu wa Buvuma. Stanley mwenyewe alikuwa amefika Kageyi, mashariki ya Mwanza, mwezi wa Februari mwaka huo, na mashua yake Lady Alice ilikuwa imeletwa vipande vipande kutoka Pwani juu ya mabega ya wapagazi. Alipotaka kuvusha msafara wake alikwenda kwa Lukonge, mtawala wa Ukerewe, akaazimwa mitumbwi 50. Njiani, usiku, mitumbwi mitano ilifumuka mishono na kuzama. Watu wakaokolewa gizani. Nani asiyeona kwamba usiku kama huo tofauti ya uzima na mauti ni mtu kujua maji?

Kuna kisa kingine cha mwaka huo ambacho hukitafakari mara kwa mara. Mwezi wa Aprili, katika kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliwanyang'anya watu wa Stanley makasia yao. Wale watu, ambao wengi walikuwa Waungwana wa Unguja na Pwani, waliisukuma mashua majini, wakang'oa mbao za sakafu yake, wakazifanya makafi, wakapona. Baadaye Stanley alirudi Bumbire na bunduki akaua watu wengi, na doa hilo halifutiki. Lakini mkono ulioung'oa ubao na kujua la kufanya nao haukuwa mkono wake. Ulikuwa mkono wa watu wa Pwani waliokua ndani ya maji. Ubao, maji, na mtu asiyeogopa: ndiyo mali yote ambayo mtoto wa Tahiti na mtoto wa Elmina walikuwa nayo.

Mimi nilikua Ukerewe, mwishoni mwa miaka ya 1980. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi, na ni yeye aliyenipakia mtumbwini kwa mara ya kwanza. Tuliporudi alasiri, upepo umeanza kuvuma kutoka ziwani, hakukimbilia ufukoni. Alisimamisha chombo mahali mawimbi yalipoanza kuvunjika, akageuza uso nyuma, akaacha mawimbi matatu au manne yapite. Nilimwuliza, "Baba, mbona hatuendi?" Akajibu, "Ngoja letu, mwanangu. Hili si letu." Kisha ghafula alipiga kafi kwa nguvu, tezi likainuka, na mtumbwi ukaenda wenyewe kana kwamba umesukumwa na mkono usioonekana, naye akaliweka kafi nyuma lisicheze, ili chombo kisigeuke ubavu. Tulifika mchangani bila kulowa. Sisi watoto tuliiga jambo hilo kwa mbao za mitumbwi iliyooza. Tulilala kifudifudi, tukangoja letu, tukapelekwa hatua 10 au 15, basi. Hatukuwa na jina la mchezo huo. Nilipoyasoma maneno ya Banks, miaka mingi baadaye, katika maktaba ya nchi ya baridi, nilipofika penye lile tezi la mtumbwi mkuukuu niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimekiona kipande kile kwa macho yangu.

Mchezo wetu ulikwisha siku moja. Mtoto wa kijiji cha jirani alichukuliwa na mamba, na mama zetu wakapiga marufuku maji. Siwalaumu, mzazi aliyeona kilio kile hawezi kuhukumiwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu. Tena mamba hakuwa peke yake. Kiboko yupo, na kichocho, kinachotokana na konokono wa maji yaliyotulia kando ya mwambao, kimekula afya za watoto wengi wa Kanda ya Ziwa. Katika miaka ya 1990 magugu maji yalifunika fukwe, na palipokuwa mchanga pakawa zulia la kijani lenye nyoka. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta viwanda, barafu na mashine za kusukuma mitumbwi. Na mtu mwenye mashine hana haja ya kungoja wimbi lake. Hivyo elimu ya maji iliondoka kidogo kidogo, bila mtu kuifukuza. Wadogo zangu wawili waliozaliwa baada ya marufuku ile hawajui kuogelea mpaka leo, nao huvuka kwa kivuko kila wanapokwenda mjini.

Hapa ndipo jambo la mchezo linapokuwa jambo la uhai. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache kutoka gati la Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Mtu aliyefungiwa chini ya chombo kilichopinduka haokolewi na ufundi wa mikono, na msiba wa chombo kilichojazwa kupita kiasi una wenye kuujibu. Lakini nje ya misiba hiyo mikubwa ipo mingine midogo isiyoandikwa: mvuvi mmoja usiku mmoja, mtoto aliyekwenda kuchota maji, mama mwenye dagaa mtumbwini. Wahenga walisema, mfa maji haishi kutapatapa. Walio wengi miongoni mwetu hufa wakitapatapa katika maji ambayo kimo chake na nafasi ya mawimbi yake vilikuwa elimu ya kila siku kwa babu zao.

Sijasema kwamba tuagize mbao kutoka ng'ambo tukajifanye watu wa California. Paje, huko Unguja, vijana wamejifunza mchezo wa ubao unaovutwa na tiara, na baadhi yao wamepata kazi ya kuufundisha. Ni jambo jema, lakini ni la bahari yenye upepo wa kusi na kaskazi. Nyanza ina lake. Mwanza imepata kuona mashindano ya mitumbwi ya kupiga makafi, yaliyokutanisha watu wa mikoa ya ziwa, na shangwe yake ilionyesha kwamba mapenzi ya maji hayajafa. Kinachopungua ni kile kilichokuwa kabla ya mashindano: mtoto kufundishwa maji na mtu mzima ajuaye, mahali palipochaguliwa, pasipo mamba wala kichocho, kama Hemmersam alivyowaona wazazi wa Pwani ya Dhahabu wakifanya. Shule zetu za mwambaoni hufundisha ramani ya ziwa, hazifundishi ziwa.

Tena iko kazi yetu sisi wa chuoni. Wahawaii waliweza kuufufua mchezo wao kwa sababu waliobaki walilishika jina lake, majina ya mbao zake na majina ya mawimbi yake. Neno lilipokuwapo, jambo lilirudi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alifahamu hivyo. Aliandika maisha ya Wakerewe wa kale katika kitabu alichokimaliza mwaka 1945 kwa lugha yake, na kikangoja mpaka 1980 kupigwa chapa kwa Kiswahili. Miaka 35 ni mingi kwa elimu kungoja mlangoni. Leo wazee waliojua kushona mtumbwi, na kuita kila upepo na kila wimbi la Nyanza kwa jina lake, wamebaki wachache, na hakuna Banks atakayekuja kuwaandika. Mwandishi ni mimi na wewe.

Mwezi wa Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilometa 3, na sasa mtu huvuka ghuba ya Mwanza kwa dakika chache bila kugusa tone la maji. Nimelipita nikafurahi, kwa kuwa limeondoa mateso mengi. Lakini nilipokuwa juu yake nilitazama chini, nikaona mtumbwi mdogo umesimama penye mawimbi, na mtu ndani yake amegeuza uso nyuma. Nikaagiza gari lipunguze mwendo. Mawimbi mawili yalipita chini yake. La tatu akalifuata.